Paa kwanza, nyumba baadaye: jinsi ya kujenga nyumba ya mapumziko porini Dodoma bila umeme wa Tanesco wala maji ya bomba

Watu wa Dar wakiota nyumba ya mapumziko wanaota kisiwa, mchanga mweupe na boti moja kwa wiki. Sisi wa Dodoma bahari hatuna ila kisiwa tunacho, we nenda kanunue eka mbili ng'ambo ya korongo lolote huku Chamwino au Bahi halafu subiri mvua ya Januari, korongo likijaa hutoki na hakuna anayeingia, mkate umeisha, mtandao unapatikana ukipanda juu ya jiwe tu, na hapo ndo utajua kama nyumba yako umeipanga au uliisimamisha tu. Mimi Pasaka moja nimekaa na wageni siku mbili zaidi ya tulivyopanga, watu wazima sita, na hatukukosa kitu isipokuwa sukari.

Ntaeleza nilivyofanya hatua kwa hatua, pamoja na nilipoharibu. Ila kitu kimoja nakiweka mwanzoni kabisa maana ndo kinachowaangusha wengi: usianze na msingi. Watu wanachimba msingi mwezi wa sita kiangazi kimeshakolea, mafundi wanauliza maji yako wapi, unaanza kuita boza, boza linazama kwenye mchanga wa korongo, na mwezi wa tisa hela ya kuta yote imeshalipa maji. Anza na paa na tanki. Ndiyo, paa kabla ya nyumba.

HATUA YA 1: Eneo, na ulione mara mbili

Eneo likaone mwezi wa tatu na ulirudie mwezi wa tisa, hilo halina mjadala. Mwezi wa tatu kila mahali Dodoma ni Ulaya, majani yamefika kiunoni, mtu anakuuzia mbuga unaona ni bustani. Mwezi wa tisa ndo unaona ardhi yenyewe. Ukikuta udongo mweusi una nyufa za kupitisha mkono, huo mvua ikija unavimba, jua likija unasinyaa, na nyumba inacheza nao, achana nao. Tafuta udongo mwekundu wenye mchanga, au pembeni ya kilima cha mawe. Kilima kina faida nyingine, mawe ya msingi unayapata hapohapo, ila ujue mawe ni makazi ya nge na nyoka kwahiyo kufungua mawe ni kazi ya buti na glavu sio ndala.

Angalia miti iliyo karibu na korongo. Utaona takataka, nyasi kavu na mifuko vimenasa kwenye matawi, hapo ndo maji yalifika, wala usimuulize anayeuza. Sheria ya mazingira ya 2004 yenyewe inataka shughuli za kudumu zikae mita 60 kutoka mtoni na mimi nakwambia hata bila sheria kaa mbali.

Kama ni ardhi ya kijiji usimalizane na muuzaji chini ya mbuyu mkapeana mikono. Inapita halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu, majirani wa pande zote wanaonyesha mipaka wakiwepo, halafu unafuatilia hati ya haki miliki ya kimila kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Ukiwa ndani ya mipaka ya jiji ni habari nyingine, kule ni viwanja vilivyopimwa na kibali cha ujenzi kinatoka jiji. Ila swali ambalo halipo kwenye fomu yoyote ni hili: ng'ombe wanapita wapi kwenda kunywa maji? Ukifunga mapito ya mifugo na uzio wako utagombana na watu ambao ndo watakaokusukuma gari likikwama. Mimi niliwauliza vijana wachungaji, nikasogeza uzio hatua 20 ndani, na mpaka leo hakuna aliyekata waya wangu.

Uliza pia kama nguzo za umeme zinakuja. Kama zinafika mwakani kwenye kitongoji, labda huna haja ya kusoma hatua ya 6.

HATUA YA 2: Piga hesabu ya maji kabla hujachora nyumba

Dodoma mvua ni moja kwa mwaka, inaanza Desemba inaisha Aprili, na kwa wastani ni kama milimita 550 hivi. Baada ya hapo jua tupu. Kuchimba kisima kirefu watu wanafanya, ila kinataka upimaji wa kitaalamu na kibali cha bodi ya maji ya bonde, na sehemu nyingi huku maji ya chini yana chumvi, jirani yangu alichimba mita 110 akapata maji mengi tu ambayo chai yake haichanganyiki na maziwa. Kwahiyo mimi nilitegemea paa.

Hesabu ni nyepesi: milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Toa asilimia 20 inayoruka na kumwagika. Bati la mita za mraba 90 mara 550 mara 0.8 unapata lita 39,600. Mwaka mbaya wa milimita 400 unapata 28,800. Hayo ndo maji yako, sasa geuka upande wa matumizi, na hapa watu wanajidanganya sana.

Sisi tuko wanne. Tunaenda wikiendi mbili kwa mwezi, siku mbilimbili, pamoja na likizo ya siku 14. Kuanzia Mei mpaka Desemba hizo ni siku 46. Mtu mmoja lita 40 kwa siku akioga kwa ndoo, jumla lita 7,360. Nikasema aa, kumbe kidogo, simtanki moja la lita 10,000 linatosha! Mke wangu akauliza swali moja tu, "na baba Chiku je?" Baba Chiku ndo mlinzi, anaishi pale na mkewe. Watu wawili, lita 25 kila mmoja, siku 240, hiyo ni lita 12,000. Yani mlinzi anatumia maji kuliko mwenye nyumba, na ni haki yake maana we uko mjini unafungua bomba. Jumla ikawa 19,360 bila mti hata mmoja kumwagiliwa. Ndo nikaamua tanki la kujenga la lita 20,000 na simtanki la 10,000 la akiba.

HATUA YA 3: Tanki na paa lisilo na nyumba

Hii ndo hatua yenye kazi na usiiharakishe. Inafanyika Septemba mpaka Novemba ili mvua ya kwanza ikukute uko tayari.

Tanki langu ni la mviringo, upana wa ndani mita 3.5, kina cha maji mita 2.1, mita moja na nusu iko chini ya ardhi na kilichobaki kiko juu. Mviringo kwasababu maji yanasukuma sawa pande zote, tanki la kona nne linapasuka konani. Chini zege la sentimita 15 lenye waya, ukuta wa mawe na sementi, halafu ndani unazungushia wavu wa kuku uliokazwa vizuri na unapiga plasta tabaka tatu, sementi moja kwa mchanga tatu, tabaka la mwisho na dawa ya kuzuia maji, juu yake niru ya sementi. Mchanga uwe wa korongo uliochekechwa, ukichotwa karibu na shamba unakuja na udongo na plasta inapasuka. Juu nilifunika zege lenye nondo na nguzo moja katikati, na mfuniko wa mtu kuingia. Wazi usiache, mbu wanazaa na mtoto anatumbukia.

Sasa nilipoharibu. Fundi alimaliza mwishoni mwa Septemba, upepo wa Dodoma mnaujua, jua linawaka na upepo unavuta, nikamwambia tukutane Novemba. Kurudi, ukuta wa ndani una nyufa kama sahani ya udongo iliyotoka jikoni vibaya. Tanki jipya halitakiwi kukauka bana! Linafunikwa magunia, linamwagiwa asubuhi na jioni siku 14, halafu linaachwa na maji chini hata kama ni lita 2,000 za boza, hizo ndo boza pekee utakazosamehewa. Nilirudia tabaka zima la ndani kwa hela yangu, na fundi hakuwa na kosa, alisema imwagiliwe na mimi ndo niliyeondoka.

Halafu paa. Nilichimbia nguzo, nikapiga kenchi nyepesi za kubebea bati, nikaezeka bati 24 za mita tatu, gata upande mmoja, bomba la inchi nne mpaka kwenye tanki. Hizo ni kama mita za mraba 50, kwa mvua ya kawaida lita 22,000, tanki linajaa. Kijiji kizima kilikuja kuangalia. Mzee mmoja wa jirani alizunguka mara mbili, akasalimia kwa Kigogo, mbukwenyi, akakaa kwenye kivuli chake akaniuliza, "Mwanangu, mbona umejenga paa halina nyumba?" Nikamwambia baba, nyumba inakunywa maji, naitafutia maji kwanza. Akacheka mpaka akakohoa. Ila mwezi wa tano wakati mafundi wanachota maji ya tanki bure na kiangazi kimeanza, huyohuyo mzee alileta wanawe waje kupima ile kenchi.

Kati ya gata na tanki weka pipa dogo la lita 50 linalopokea maji ya kwanza. Bati la Dodoma kiangazi kizima linakusanya vumbi jekundu na kinyesi cha ndege, maji ya kwanza yanatoka kama chai ya rangi. Pipa likijaa ndo mengine yanaenda kwenye tanki, chini yake unaweka koki unafungua baada ya kila mvua. Na mvua ya kwanza kabisa ya msimu iache yote iende zake. Mdomoni mwa bomba weka wavu wa mbu, na ya kunywa chemsha.

Bati na mbao zote hizo hazipotei, nyumba ikifika kwenye paa unazihamisha. Mimi niliacha kipande kikawa banda la gari.

HATUA YA 4: Msingi na kuta

Kiangazi kimeingia, maji unayo, sasa jenga. Nyumba yangu ni mita za mraba 60 na baraza, na kazi nzima pamoja na kumwagilia kuta ilikula kama lita 20,000, ndo maana hata lile simtanki lilikinga kilichozidi mvua hiyohiyo.

Tofali za kuchoma huku mimi nilizikataa. Tanuri moja linameza miti ya kilima kizima, na mtu anayejua Kondoa ilivyomomonyoka mpaka serikali ikaanzisha mradi wa HADO, yani Hifadhi Ardhi Dodoma, mwaka 1973 na baadae mifugo ikahamishwa, hawezi kukata mti kama mkungugu kwa raha. Nilitumia tofali za kufungamana, za udongo wa palepale na sementi kidogo, mashine ya mkono, Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba na Vifaa vya Ujenzi wamezihamasisha muda mrefu. Kupima udongo chukua chupa ya plastiki ya uwazi, jaza udongo nusu, maji mpaka juu, tikisa, acha ikae usiku mzima. Mchanga utakaa chini, mfinyanzi juu. Ukiona mchanga ni zaidi ya nusu na mfinyanzi upo upo, udongo unafaa. Ukiwa mfinyanzi mtupu changanya na mchanga wa korongo. Zifunike kivulini na magunia siku saba mpaka 14, usizianike juani kama dagaa.

Funga ringi bimu, yani mkanda wa zege wenye nondo juu ya kuta, kuzunguka nyumba yote. Dodoma tuko ndani ya Bonde la Ufa na ardhi huwa inatikisika, na hiyo bimu ndo unafungia paa pia.

Mpangilio: kuta ndefu ziangalie kaskazini na kusini, fupi ziangalie mawio na machweo, na upande wa magharibi weka stoo na bafu, sio chumba cha kulala. Jua la saa kumi la Oktoba likipiga ukuta wa chumba utalala baraza. Wagogo walishalijua hili joto zamani, tembe ina kuta nene na paa la udongo, mchana ukiingia ndani unahisi umeingia kwenye mtungi. Shida yake udongo wa juu haukupi maji ya kunywa na kila mwaka unataka kukarabatiwa, kwahiyo mimi niliiba unene wa kuta tu na bati nikaweka jeupe, chini yake nafasi ya hewa, halafu silingi.

HATUA YA 5: Upepo na mchwa

Upepo unatoka mashariki na kusini mashariki na kuanzia Julai unavuma kama una kesi na wewe. Kila kenchi ifungwe kwa ile mikanda ya chuma iliyozikwa kwenye bimu, misumari peke yake haitoshi. Msumari wa bati uwe na kofia na mpira.

Mchwa sasa. Kabla ya msingi zunguka eneo, kila kichuguu chimba mpaka umpate malkia, bila malkia umefanya mazoezi tu. Mwaga dawa ya mchwa kwenye mtaro wa msingi na chini ya jamvi (sakafu ya zege), tandika nailoni, mbao ziwe zilizopigwa dawa kiwandani. Oili chafu inasaidia kwenye nguzo za uzio lakini sio ndani ya nyumba, inanuka mwaka mzima. Mimi fremu moja ya mlango nilinunua kwa bei ya kirafiki, baada ya miezi minane nimeigonga kwa kidole ikaita kama debe, rangi iko nje safi, ndani hakuna mbao, udongo mtupu.

HATUA YA 6: Sola

Usiende dukani kusema nataka sola ya nyumba nzima, utauziwa mzigo wa harusi. Andika unachotumia. Kwangu: taa sita za wati 7 masaa manne, wati saa 168. Tv wati 50 masaa manne, 200. Friji ndogo ya DC, inayotumia umeme wa betri moja kwa moja, kama 500 kwa siku. Simu na rauta 100. Pampu ya nusu hospawa, wati 370, saa moja. Jumla 1,338. Gawa kwa masaa matano ya jua zuri, na ukitoa asilimia 30 ya upotevu unapata wati 382 za paneli. Nikaweka mbili za 300, ya ziada ni kwa ajili ya mawingu ya Januari na vumbi.

Betri ni lithiamu ya volti 24 (kiuhalisia 25.6), amp saa 100, hiyo ni wati saa 2,560 na unaweza kutumia asilimia 80 bila kuiumiza. Betri za asidi na jeli ni rahisi ila ukitumia zaidi ya nusu kila siku zinakufa mapema, na nyumba ya porini ikifa betri hakuna wa kumwita. Chaji kontrola, kifaa kinachosimamia chaji ya betri, iwe ya MPPT, aina inayovuna umeme mwingi zaidi kwenye paneli, na inveta inayotoa umeme laini kama wa gridi, zile za bei poa friji na pampu zinalia nazo.

Sisi tuko nyuzi kama 6 kusini mwa ikweta, kwahiyo paneli ziangalie kaskazini na zilale nyuzi 10 mpaka 15, sio kwa ajili ya jua tu bali maji na vumbi viteremke. Acha uwazi wa sentimita 15 kati ya paneli na bati, paneli ikichemka inatoa umeme mdogo. Kiangazi zifutwe kila wiki mbili asubuhi zikiwa za baridi, kitambaa cha maji sio kikavu, kikavu kinakwaruza. Na eti waya wa ardhini usiuchomeke tu kwenye mchanga mkavu ukajiona uko salama, chimba shimo, weka mkaa na chumvi kuzunguka fimbo na umwagie ndoo ya maji mara kwa mara, radi za Desemba huku hazina masihara.

Kupikia ni gesi, mtungi wa kilo 15 na mmoja wa akiba, kuni ni za nyama choma.

HATUA YA 7: Choo

Choo cha kuvuta kinakula lita sita mpaka tisa kila ukibonyeza, na wewe unahesabu maji kwa kijiti. Jenga choo cha shimo kilichoboreshwa, bomba refu la hewa jeusi upande wa jua, wavu juu wa nzi, mita 30 kutoka kisima chochote na mteremko uende mbali na tanki. Wageni wa mjini wanagoma siku ya kwanza, ya pili wanazoea. Maji ya bafu na vyombo yapitishe kwenye mtaro wa kokoto mpaka kwenye mipapai. Kwangu mipapai mitatu inaishi kwa sabuni ya wageni.

KUFUNGA NYUMBA JUMAPILI

Zima pampu na inveta, friji acha kama ina kitu cha mlinzi. Funga gesi kwenye mtungi. Kuanzia Julai hakikisha majani yamefyekwa mita kumi kuzunguka nyumba, moto wa porini haupigi hodi. Halafu fungua mfuniko wa tanki, tumbukiza kijiti kirefu, soma pale kilipolowa. Tanki la upana wangu kila sentimita moja ni lita 96. Baba Chiku anaandika kwa mkaa kwenye ukuta wa stoo, tarehe na namba, ukuta mzima sasa umejaa. Mwezi wa nane mwishoni ilikuwa 112, nikatulia. Novemba 30 ikasoma 31, nikampigia simu usiku nikamwambia aanze kufungua lile simtanki la akiba, akaniambia "tulia bosi, siafu wameanza kuhama." Desemba 9 ikanyesha.